Pesa ya ombaomba inaishia mkononi mwa nani?

Mjadala wa kumpa au kutompa ombaomba pesa umekwama mahali pamoja kwa miaka mingi. Wanaokataa wanasema ataishia kununua pombe, gundi au unga. Wanaotoa wanashika dini: "Akuombaye, mpe," inasema Mathayo 5:42, na Surat Adh-Dhuha inakataza kumkaripia mwombaji. Hoja zote mbili zina uzito, ila ya kwanza inachunguza tabia ya mwombaji na ya pili inamtazama mtoaji na Mola wake. Inayosahauliwa ni pesa yenyewe. Robo saa baada ya kutoka mkononi mwako, imeshikwa na nani? Ukilifuata swali hilo hadi mwisho, utampa mtu mzima kwa wepesi zaidi kuliko ulivyozoea, na mtoto wa kwenye taa za barabarani hutampa pesa kabisa.

Tuanze na ulevi, kwa kuwa ndio unaotajwa sana. David Evans na Anna Popova, wakiwa Benki ya Dunia, walipitia tafiti 19 kuhusu watu maskini waliopewa fedha taslimu katika nchi zinazoendelea, wakatafuta kama matumizi ya pombe na sigara yalipanda. Hayakupanda. Mtu anaweza kujibu kwamba hao ni watu wenye nyumba na familia, na ana haki. Basi tutazame Monrovia, Liberia, ambako watafiti waliwapa dola 200 baadhi ya vijana wa kiume wa mitaani, wakiwemo wezi wadogowadogo, watumiaji wa dawa za kulevya na wasio na pa kulala. Pesa hizo hazikuishia kwenye ulevi. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mahitaji ya kila siku na vibiashara. Lakini ndani ya mwaka mmoja nyongeza ya kipato ilikuwa imeyeyuka, na sababu mojawapo ni kwamba vijana hao walikuwa wakiibiwa mara kwa mara.

Jambo hilo la kuibiwa linaeleza mengi kuhusu mitaa yetu. Anayelala barazani Kariakoo au chini ya kibanda Nairobi hana pa kuweka pesa. Tanzania laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kenya nako bila kitambulisho huna laini, na bila laini huna M-Pesa. Inabaki mfuko, soksi, au pindo la kanga. Wanaolala naye wameona mchana kutwa nani kapata na nani kakosa. Kwa hiyo mwenye akili huhakikisha pesa imeisha kabla giza halijaingia: anakula vizuri, analipa deni, anamnunulia mwenzake soda ili kesho naye akumbukwe. Mpita njia aliyempa mchana akimkuta jioni na sahani ya chipsi kuku anaona ubadhirifu. Ukweli ni kwamba chakula kilichoko tumboni hakuna wa kukuibia.

Gundi ni suala jingine, na hapa wanaokataa wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Gundi ya viatu ni rahisi kupatikana, inatiwa kidogo kwenye chupa ya plastiki na kushikiliwa chini ya pua au kung'atwa kwa meno. Watoto wanaivuta kwa sababu inaua njaa na baridi kwa saa kadhaa, na inawapa ujasiri wa kuomba bila kuona haya. Kemikali zake zinaharibu ubongo na neva, na moyo unaweza kusimama ghafla. Ukiona chupa hiyo, macho mazito na ulimi unaoburuza maneno, pesa taslimu haina kazi. Mpe chakula kilichopikwa, cha kula hapo hapo. Pakiti iliyofungwa inauzika upya. Kwa mtu mzima mwenye uraibu wa heroini, anayeitwa teja, msaada mkubwa kuliko sarafu yako ni kumwelekeza penye methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini. Tiba hiyo ilianza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ikasambaa baadaye kwenye mikoa mingine. Lakini kliniki inamtaka afike kila siku, na kufika kila siku ni nauli. Nauli ya masafa mafupi ya daladala ilipandishwa hadi shilingi 600 mwaka 2023, maana yake sarafu ya 500 haimfikishi popote.

Hesabu hiyo ya sarafu inafaa kukumbukwa kila unapotoa. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ni shilingi elfu mbili hivi. Ukigawa 500 kwa watu wanne, umetuliza dhamiri yako mara nne na hakuna aliyeshiba. Ukimpa mmoja elfu mbili, mmoja amekula. Desturi ya Ijumaa, ambapo wenye maduka Mombasa na Kariakoo hupanga sarafu mezani na kila anayepita akapata moja, ina jibu lake: maduka ni mengi, sarafu zinajumlishana. Nje ya mpangilio huo, kutawanya ni udhaifu. Ni bora kupanga kiasi cha mwezi mzima, tuseme shilingi elfu ishirini, na kukigawa kwa wachache unaowaona mara kwa mara. Yule mzee asiyeona wa mlango wa posta akijua kwamba kila Jumanne anapata elfu mbili kutoka kwako, anaweza kukopa dawa dukani kwa ahadi ya Jumanne. Sarafu za bahati nasibu hazimpi uwezo huo.

Sasa mtoto. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC Africa Eye ulionyesha watoto wenye ulemavu waliochukuliwa kwa wazazi wao Tanzania kwa ahadi za maisha mazuri, wakaishia kuombaomba Nairobi kwa faida ya waliowasafirisha. Uganda, watoto wa wilaya ya Napak, Karamoja, wamekuwa wakipelekwa Kampala kwa kazi hiyo hiyo. Namna inavyoendeshwa haina siri kubwa. Mtoto anashushwa asubuhi mahali penye foleni ndefu, mtu mzima anakaa kwa mbali kwenye kivuli, sarafu zinakusanywa kila baada ya muda ili mkono wa mtoto uonekane mtupu, na jioni kuna hesabu ya siku kama ya bodaboda. Kadiri mtoto anavyotia huruma ndivyo anavyoingiza zaidi, kwa hiyo hakuna mwenye haraka ya kumtibu jeraha wala kumpeleka shule. Kila sarafu inayopita dirishani inampandisha thamani huyo mtoto machoni pa anayemmiliki.

Upande wa pili una jibu lenye uchungu: usipompa, na hesabu haikutimia, ni yeye atakayepigwa usiku. Ni kweli inaweza kutokea, na hakuna hila ya maneno inayoliondoa hilo. Lakini kutoa kunahakikisha kwamba kesho atarudishwa pale pale, na keshokutwa ataongezwa mwingine. Kwa hiyo anayekataa kutoa anadaiwa kitu badala yake, na kitu hicho kipo. Namba 116, ya bure, ni ya kusaidia watoto Tanzania na Kenya pia. Ukipiga, sema makutano gani na upande upi wa barabara, saa ngapi, umri wa kukadiria, nguo, aina ya ulemavu kama upo, na mtu mzima anayemsimamia anakaa wapi. Taarifa ya "kuna mtoto anaomba mjini" haimsaidii mtu. Tanzania unaweza pia kufika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Usimpige picha ukaisambaza. Anayemmiliki ataiona kabla ya afisa ustawi wa jamii, na mtoto atahamishwa.

Sio kila mtoto wa mtaani ana bwana. Wengine wamekimbia kipigo nyumbani na wanaishi kikundi chao wenyewe. Kwao pia pesa ni hatari, kwa sababu mkubwa wa kikundi huichukua. Kukaa nao mezani wakala ni salama zaidi kwao.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato: sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 176, inamhesabu anayeomba hadharani kuwa mkosaji, pamoja na anayemtuma mtoto kuomba. Kampala ilikwenda mbali zaidi mwaka 2019, ikapitisha sheria ndogo ya kumwadhibu hata anayempa mtoto wa mtaani pesa au chakula. Mantiki yake inaeleweka, maana inalenga biashara. Kasoro yake ni kwamba inamtisha anayetaka kumlisha mtoto huku wanaomleta wakibaki mbali na barabara. Misako ya kuwaondoa ombaomba wazima ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliagiza waondoke jijini. Wapo hadi leo. Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Umaskini usiwe kosa la jinai: hilo halipaswi kuhitaji mahakama, lakini ni vizuri limesemwa.

"Wapelekwe kwenye taasisi" ni jibu zuri lenye tundu katikati. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, inakwenda kwa kaya iliyotambuliwa kijijini au mtaani kwake. Aliyeondoka hana kaya ya kuandikwa. Inua Jamii, ruzuku ya serikali ya Kenya ya shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, inahitaji kitambulisho, na kitambulisho kinahitaji nyaraka za wazazi ambao wengi hawajui waliko. Sensa ya familia za mitaani ya Kenya ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Mpaka mifumo iwafikie, wanakula kwa hisani ya wapita njia, na anayewanyima kwa kisingizio cha taasisi basi aichangie hiyo taasisi.

Wapo wenye maombi maalumu, na hapa kuhakiki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Anayesema ameibiwa na anataka nauli ya kurudi Singida, mkatie tiketi ya jina lake, ya basi linaloondoka ndani ya saa moja. Tiketi ya kesho ana muda wa kuirudisha au kuiuza. Anayeonyesha cheti cha daktari kilichofunikwa nailoni, angalia tarehe, kisha muulize namba ya malipo ya hospitali. Hospitali za serikali Tanzania hutoa namba hiyo kwa kila ankara, na unaweza kuilipia kwa simu bila pesa kupita mkononi mwa mtu. Akiwa ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo, ana haki ya msamaha wa matibabu; huenda anachohitaji ni barua ya mtendaji wa mtaa na mtu wa kuongozana naye hadi ofisi ya ustawi wa jamii. Akikasirika kwa sababu umekataa kutoa taslimu, umepata jibu. Lakini wengi hawakasiriki.

Anayebaki mgumu kuliko wote ni mama aliyebeba mtoto mchanga. Anaweza kuwa mama halali ambaye hana wa kumwachia mtoto, na anaweza kuwa amemwazima. Huwezi kujua kupitia dirisha la gari, na kumhoji ni kumdhalilisha mbele ya watu. Ya kuangalia yapo: je, mtoto ananyonya, anaamka, analia, au amelala fofofo juani asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku? Je, kesho amebebwa na mtu mwingine? Usingizi wa namna hiyo, au mbebaji kubadilika, ni sababu ya kupiga 116 siku hiyo hiyo. Kama hayapo, mpe kama mtu mzima mwingine yeyote anayeshika pesa yake mwenyewe. Mpe ukiwa pembeni ya barabara, kwa sababu akizoea kufuata magari, mtoto mgongoni ndiye anayepitishwa katikati ya bodaboda na daladala taa zinapowaka kijani.