Rangi Iliyokataa Bampa

Kuna watu watakwambia rangi ya kopo ya kupuliza haishiki. Waongo hao. Inashika kuku, inashika kucha, inashika suruali iliyoanikwa kwa jirani wa tatu. Bampa tu ndilo ililolikataa.

Gari lenyewe ni RAV4 ya zamani, zile fupi za miaka ya 1990, ambazo bampa zake na plastiki za juu ya matairi hazikupakwa rangi ya bodi. Ni plastiki ngumu yenye vipele, ya kijivu kilichokoza. Sasa jua la Tanga halina simile. Mpaka gari linafika kwangu Makorora, plastiki zote zilikuwa zimepauka, ukipitisha kidole kinarudi na unga. Na wiki ile shemeji anaoa, gari la kubebea mashangazi ni hilo hilo. Mama watoto akalizunguka, akaguna. Mguno wake huwa na kurasa.

Fundi rangi wa Ngamiani alitaja bei, nikamwambia ngoja nakuja, naye akajua siji. Nikaingia dukani kuchukua makopo ya rangi nyeusi. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, na praima ya plastiki je, ile inayotangulia ili rangi ishike?" Nikaona huyu ananitafutia bili.

Nikaosha kwa sabuni ya unga, nikaziba taa na bodi kwa magazeti na tepu, nikatikisa kopo. Ile gololi ya ndani ilipoanza kulia, watoto wa mtaa wakajaa. Mtu ukishapata watazamaji hupulizi tena kistaarabu, unapuliza kwa mbwembwe. Kumbe kusi nalo limeamka. Nalenga bampa, rangi inapinda kona inakwenda zake. Na huko inakokwenda ndiko alikokuwa anapekua kuku wa bibi jirani, kuku mweupe pe.

Alasiri bibi akatoka na kikopo cha mtama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujamwona kuku wangu mweupe?"

"Mweupe sijamwona, bibi."

Ukweli mtupu. Nikamsindikiza kumtafuta, tukapita kila uchochoro, na nyuma yetu anakuja kuku mweusi anakokoreka, anadai mtama wake. Bibi akamtupia kandambili: "Hebu toka hapa! Kuku wa watu wana tamaa!"

Huku bampa nalo lina mambo yake. Rangi ikigusa tu, inajikunja pembeni, inaacha vishimo vya duara. Mafundi wanaviita macho ya samaki. Chanzo ni wale vijana wa kuosha magari, wanapenda kumalizia na ile dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Inajificha kwenye vipele na sabuni ya kufulia haiitoi, basi rangi ikifika inaikimbia. Mimi nikasema haya, kama hutaki kidogo utapata nyingi. Nikamwaga. Ikachuruzika mpaka chini ya namba ya gari. Na kwa unyevu wa bahari yetu, magharibi inaadhiniwa bado inanata, sisimizi wamejipanga ndani yake.

Ijumaa nikaenda msikitini na vidole vyeusi ti. Shemeji mwenyewe, bwana harusi, akanicheka: "Anaoa nani hapa? Piko umepaka wewe!" Kwenye koki mzee mmoja akanishika mkono, akaugeuza mbele nyuma.

"Hii hina au rangi?"

"Rangi, mzee wangu."

"Hina maji yanapita. Hii imeziba. Huna udhu."

Nikakimbia duka la jirani, nikasugua kwa mafuta ya taa, nikanawa, nikarudi kuwahi safu. Ikawa aliye kulia kwangu anasogea kulia, wa kushoto anasogea kushoto. Imamu kageuka: "Zibeni mapengo!" Hakuna aliyeziba. Nimeswali nina nafasi ya kutosha baiskeli.

Jumamosi asubuhi nikalipeleka gari kuoshwa. Kijana akawasha mashine ya maji ya presha. Ile rangi haikubanduka kwa aibu, ilitoka vipande vipande, kimoja kikamvaa usoni. Ilibaki chini chini kwenye vibonde vya vipele, juu kweupe, bampa zima likawa na madoadoa kama kanga wa porini.

Fundi wa Ngamiani alikuwa anapita. Akainama, akanionyesha herufi upande wa ndani wa bampa: PP. "Hii ni polipropilini, bosi. Rangi haina pa kukamata. Unatoa mafuta kwa spiriti, unapiga praima yake nyembamba, halafu rangi mkono mwepesi, unaacha ikauke, unarudia. Na msasa mkali usiuguse, utafuta vipele ubaki na bampa la kipara." Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile. Akasema, "Si ulisema ngoja unakuja?"

Mashangazi walipanda hivyo hivyo. Kule harusini kijana mmoja wa upande wa bibi harusi, ametoka Dar na miwani yake, akalizunguka gari, akapiga picha, akaja kuniuliza kwa heshima zote: "Kaka, haya madoa umefanyiwa wapi? Nayataka kwenye yangu."

Nikamwambia fundi wake ni ghali, na mtu lazima aje na kuku wake.