Miaka sita, mnataka atulie kama hakimu?

Rafiki yangu kanitumia barua aliyoandikiwa na mwalimu wa mwanae. Eti mtoto hatulii, anainuka inuka kwenye kiti, anajibu swali kabla halijaisha, "tunashauri apelekwe kwa daktari". Jamani, mtoto ana miaka sita! Na ndo mdogo kuliko wote darasani, ila hilo barua haikugusa kabisa.

Ndo maana nimepandwa na hasira, kwa sababu hili limeshachunguzwa. Kule British Columbia, Kanada, waliangalia watoto zaidi ya laki tisa, utafiti ukatoka 2012. Kule wa Januari na wa Desemba mwaka mmoja wanaingia darasa moja, yaani mmoja kamzidi mwenzie karibu mwaka mzima halafu wote wanategemewa watulie sawasawa. Basi wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa kwa asilimia 30 kuambiwa wana ADHD, yaani ule ugonjwa wa kushindwa kutulia na kuzingatia, kuliko wale wa Januari. Wasichana ndo usiseme, asilimia 70! Na dawa nao wakaandikiwa zaidi. Sasa nielezeni, ni ugonjwa gani huu unaoangalia kwanza tarehe ya kuandikisha shule ndo uchague wa kumshika? Huyo mtoto hana tatizo, ni mdogo tu, basi. Lakini mtu mzima kamkalisha kutwa nzima, muda wa kucheza kaupunguza, akichezesha miguu anaandikiwa ripoti.

Peter Conrad, mwanasosholojia wa Marekani, alishayaandika haya toka 1975, kwamba tabia ikishaitwa ugonjwa hakuna anayeuliza tena shule ina nini au nyumbani kuna nini, mzigo wote anatwishwa mtoto. Na kumbuka dawa ilitangulia: daktari Mmarekani Charles Bradley aliwapa watoto Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, 1937, ugonjwa wenyewe ukaja kuingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani 1968, tena kwa jina jingine, sio ADHD.

Halafu kuna wale wa "mbona alipomeza kidonge akatulia". Mwaka 1978 daktari wa akili wa Marekani, Judith Rapoport, na wenzake waliwapa wavulana wasio na shida yoyote dawa za jamii hiyo hiyo, na wao wakatulia vilevile. Kwa hiyo kutulia si ushahidi wa kitu.

Haya, nakubali, shingo upande, wapo watoto ambao sio utundu tu. Yule anayechomokea barabarani bila kuangalia, hata mchezo anaoupenda mwenyewe hawezi kuumaliza, nyumbani hivyo shule hivyo, mpaka analia kwa kujichukia, huyo asaidiwe, na dawa inaweza kumfaa kweli, na mzazi wake asisimangwe na mtu. Ila wewe daktari, kabla kalamu haijagusa karatasi, muulize mzazi mtoto kazaliwa mwezi gani na wenzie wamemzidi miezi mingapi. Na ukikuta kazidiwa miezi kumi, andika hivyo hivyo umpelekee mwalimu.