Acheni kuwaanzishia wanafunzi split(" ")

Juzi nimetazama somo la Python, lugha ya kuandikia programu, kwa wanaoanza, kwa Kiswahili safi, na mstari mmoja ukanikera. Mwalimu anataka kuigawa sentensi iwe orodha ya maneno, anaandika `sentensi.split(" ")`. Mfano unakubali kwa sababu sentensi kaitunga mwenyewe, kati ya neno na neno nafasi moja tu.

Watu hawaandiki hivyo. Mtu kaandika miji kwenye simu, kidole kikabonyeza nafasi mara mbili: `"Tanga  Pangani".split(" ")` inakupa `['Tanga', '', 'Pangani']`. Ile stringi (kipande cha maandishi) tupu ya katikati haileti kosa lolote. Ukihesabu kwa `len()` unaambiwa miji mitatu, na ripoti inakwenda kwa bosi hivyo hivyo. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Excel yana tabo, na tabo hiyo haiguswi kabisa. Ukisoma faili mstari kwa mstari, alama ya mstari mpya inabaki imeng'ang'ania neno la mwisho.

Andika `split()`, mabano matupu. Hapo nafasi, tabo na mistari mipya vyote vinahesabika kuwa mpaka, hata vikifuatana kumi, na vya mwanzoni na mwishoni vinatupwa. Ni fupi zaidi na inakosea mara chache zaidi. Kwa nini basi tunampa mtoto wa watu njia ndefu inayomwangusha?

Haya, zipo data ambazo sehemu tupu ina maana yake, na koma lazima uitaje ndani ya mabano, `split(",")`. Hilo ni somo la pili. Na CSV, yaani faili la data iliyotenganishwa kwa koma, yenye koma ndani ya alama za nukuu ipelekeni kwenye moduli ya `csv`.

Kuhusu `join`, inayounganisha vipande kuwa stringi moja, wengi wanalalamika kwamba `", ".join(miji)` imekaa kinyume. Inaonekana hivyo, kweli. Lakini kiunganishi ni stringi, na kinapokea orodha, tuple (orodha isiyobadilishwa), hata seti, bila kila moja kuhitaji `join` ya kwake. Kinachostahili muda wa mwalimu ni namba: ukiunganisha bei bila `map(str, bei)`, inayogeuza kila namba kuwa stringi, unapata TypeError, kosa la aina ya data isiyofaa. Angalau hapo Python inapiga kelele, mwanafunzi anajua pa kutazama. Stringi tupu haimwambii kitu.

Wenye masomo mtandaoni, nawaomba kwa dhati: futeni ile nafasi ndani ya mabano, halafu wapeni wanafunzi sentensi yenye nafasi mbili na tabo moja, waigawe kwa njia zote mbili na wachapishe majibu.