Namba ya Simu Si Namba

Tarehe tano, saa mbili usiku, keateka (mtunzaji wa nyumba) wa ploti moja pale Pipeline, Nairobi, alinipigia. "Injinia, huyu mama wa B7 amelipa. Meseji ya M-Pesa naiona hapa kwa simu yake. Mbona mfumo wako unamwandika mdeni?"

Wikendi iliyotangulia tulikuwa tumeuhamisha mfumo huo wa kodi za nyumba kutoka hifadhidata ya MySQL kwenda nyingine, PostgreSQL. Nilipofungua logi, yaani kumbukumbu za makosa ya mfumo, mkosaji alikuwa mstari mmoja wa SQLAlchemy, maktaba ya Python inayoongea na hifadhidata: filter(Mpangaji.simu == simu). Kolamu ya simu ni varchar, yaani maandishi. Taarifa ya malipo ilileta simu kama namba kamili (integer), si maandishi, nasi tukakata 254 ya mbele zikabaki tarakimu tisa. PostgreSQL ikagoma: haina opereta, yaani alama ya = inayoweza kulinganisha varchar na integer.

"Lakini miaka yote ilikuwa inafanya kazi," mwenzangu akalalamika, na hakukosea. MySQL ikikuta maandishi upande huu na namba upande ule, huvigeuza vyote kuwa namba zenye nukta (floating-point), kwa hiyo '07' na 7 ni kitu kimoja. Wapo wanaouita upole huo wema, na kwa ofisi ya watu wawili yenye wapangaji mia moja siwabishii sana. Ila kwa MySQL '7a' nayo ni sawa na 7, na 0 ni sawa na neno lolote lisiloanza na tarakimu. Chuja kolamu ya tokeni (misimbo ya siri ya kuingilia) kwa 0 uone wageni utakaoletewa bila kuwaalika. Indeksi, ile faharasa ya kuharakisha utafutaji, nayo haisaidii hapo, maana maandishi mengi huangukia namba moja; jedwali zima linasomwa.

Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, ina lake. Ukiipa CharField, kolamu yake ya maandishi, namba 7, huigeuza kimyakimya kuwa '7'. Hakuna kosa, ila kama kwenye jedwali limeandikwa '07' orodha inarudi tupu, na wewe unashinda siku nzima ukitafuta mchawi kwingine. Mimi heri nigombezwe.

Usiku ule nilipita njia ya mkato: CAST (amri ya kugeuza aina ya data) ndani ya swali linalotumwa kwa hifadhidata, kolamu igeuzwe bigint, yaani namba kubwa, kabla ya kulinganishwa. Mama wa B7 akapata risiti. Siidharau njia hiyo. Kama jedwali si lako, au programu nyingine tatu zinalitegemea, huenda huna nyingine, na PostgreSQL inakuruhusu kujenga indeksi juu ya ugeuzaji wenyewe ili kasi isipotee.

Asubuhi keateka akasajili mpangaji mpya mwenye laini mbili, moja ya 07 na nyingine ya 01. Akaziandika zote kwenye kisanduku kimoja, katikati mkwaju, alama hii: /. Mkwaju haugeuki kuwa bigint, na PostgreSQL hairuki mstari mbovu. Huangusha swali zima. Tangu hapo hakuna malipo ya mtu yeyote yaliyopata mwenyewe.

Basi kolamu iwe namba tangu mwanzo? 254 na tarakimu tisa zake hazienei kwenye integer, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, kwa hiyo utahitaji bigint. Na bado, nani amewahi kujumlisha namba mbili za simu?

Nilichofanya mwishowe ni kugeuza mlangoni. Fanksheni moja, kipande kidogo cha programu, inapokea namba iliyoanza na 0, 254 au +254, inatoa maandishi ya tarakimu kumi na mbili, na inatumika wakati wa kusajili na wa kupokea malipo. Kazi haikuwa fanksheni. Kazi ilikuwa kusafisha data ya zamani, nikimpigia keateka kila mstari uliokataa.

Kisanduku sasa hakipokei mkwaju, na keateka ameshanijia juu: "Na huyu wa laini mbili nimwandike wapi, Injinia?" Ana haki. Kumbe simu zilihitaji jedwali lake zenyewe.