Ramani ya papa potwe wa Mafia: nani aione, na lini?

Septemba 2012, karibu na Cape Cod nchini Marekani, watafiti wa OCEARCH, shirika linalochunguza papa, walimnasa papa mweupe jike mwenye uzito wa takriban kilo 1,500, wakamfunga kifaa kwenye pezi la mgongoni, wakamwachia. Walimwita Mary Lee. Kila pezi lilipochomoza juu ya maji, kifaa kilituma ishara kwenye setilaiti na nukta mpya ikatokea kwenye ramani ya tovuti yao. Watu walimfuata kama wanavyofuata timu ya mpira. Mtu mmoja akamfungulia hata akaunti ya Twitter, ikapata wafuasi zaidi ya laki moja. Ishara yake ya mwisho ilipokelewa Juni 2017, na wapo waliosikitika kwelikweli. Ni papa huyo, mnyama ambaye kwa kawaida mtu akimwona anatafuta njia ya kutoka majini!

Ndiyo maana kila anayeipenda bahari hutamani tovuti ya namna hiyo, na kwa pwani yetu mnyama anayefaa kuanziwa ni papa potwe wa Mafia. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, hana madhara kwa mtu, na tangu 2016 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anaonekana mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa hicho cha Tanzania, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, akifuata uduvi. Wengi wa wanaoonekana pale ni madume ambayo bado hayajakomaa.

Nauona umuhimu wa tovuti hiyo. Wasiwasi wangu ni kwamba tunataka kuiga sehemu ya Mary Lee iliyo rahisi kupendwa, yaani nukta inayotembea, kabla ya kujiuliza kama ndiyo inayofaa Mafia.

Kwa papa potwe ipo njia nyingine isiyohitaji kumnasa wala kumtoboa. Madoa meupe mgongoni na ubavuni hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine. Mtalii akipiga picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kompyuta inaweza kulinganisha madoa hayo na maelfu ya picha zilizohifadhiwa na kumtaja ni yupi. Hesabu inayotumika ilitokana na mbinu ya wanaastronomia ya kutambua makundi ya nyota. Tovuti ya kimataifa ya kazi hii ipo tangu miaka ya 2000, na potwe wa Mafia wamo ndani yake. Gharama yake ni ndogo, mnyama haguswi, na aliyetuma picha hujisikia ana rafiki baharini.

Ningeishia hapo, lakini picha zina kasoro kubwa: zinapigwa mahali watalii walipo, na wakati walipo. Kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kuamini kwamba msimu ukiisha potwe wanaondoka Mafia. Kisha watafiti wakawafunga baadhi yao vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya maji kuzunguka eneo hilo. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba wengi wapo mwaka mzima. Miezi ya nje ya msimu wanasogea mbali kidogo na ufuko na kuzama zaidi. Kwa ulinzi, tofauti hii ni kubwa mno. Mnyama mpita njia unamlinda miezi mitano. Mkazi unamlinda miezi kumi na miwili, ikiwemo ile ambayo hakuna mgeni wa kulipia safari ya boti. Kwa hiyo wanaosema picha zinatosha wamekosea, na wanaotetea vifaa wana hoja nzito.

Ila angalia jinsi vipokezi vile vinavyofanya kazi: mzamiaji hushuka, akavitoa, ndipo data ikasomwa. Habari inakuja ikiwa imechelewa miezi. Kwa mwenye tovuti hilo ni balaa, maana hakuna nukta ya leo ya kuwaonyesha wafadhili. Kwa mnyama ni kinga. Mwaka 2013 huko India mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyopokea data za kola, yaani ukanda wa shingoni unaoonyesha mnyama alipo, ya chui milia wa hifadhi ya Panna. Hata kama haikuthibitika kwamba alikuwa jangili, somo lilieleweka.

Utaniambia mvuvi wa Kilindoni hahitaji ramani kujua potwe wako wapi, na ni kweli. Mara nyingi ndiye anayewaelekeza waongoza watalii. Hatari ya nukta ya papo kwa papo pale ni msongamano wa boti: kumi zikimzunguka samaki mmoja anayekula, kila moja ikishusha waogeleaji. Kwa wanyama wengine hatari ni mbaya zaidi. Anayefikiria kuongeza kasa kwenye ramani hiyo hiyo akumbuke kisiwa cha Juani, wanakotaga. Kuonyesha kiota ni kumwelekeza mwizi wa mayai.

Basi ningependa tovuti ijengwe, ikiwa na picha za leo lakini mahali patajwe kwa ujumla tu, na njia walizopita potwe wenye vifaa zionyeshwe baada ya miezi kadhaa. Hapo itapoteza watazamaji wengi wa mbali, nakubali. Lakini tishio la kila siku la potwe wa Mafia liko kwenye nyavu za kuzungushia dagaa, kwa sababu samaki wadogo na potwe hufuata chakula kilekile, na wakati mwingine wavuvi hujikuta wamemzungushia nyavu samaki mkubwa kuliko mashua yao. Anayejua tukio hilo lilitokea wapi, na potwe alitolewaje, ni nahodha. Ukurasa wa kwanza wa tovuti uwe wake: kwa Kiswahili, ufunguke kwenye simu ya bei ndogo, apeleke taarifa bila kuogopa faini, na aambiwe potwe aliyemtoa ni yupi na ameonekana tena lini.