"Anaimba mubaya": sifa au lawama?

"Huyu mutoto anaimba mubaya." Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kijana wa mtaa wa Kadutu akitamka hivyo huku anapiga makofi, amemsifu mwimbaji: anaimba sana, hana mfano. Msomaji wa Dodoma akiikuta sentensi hiyohiyo kwenye skrini ataiwekea lebo ya hasi bila kusita. Ndivyo ilivyotokea tulipokuwa tunaandaa sentensi za kuifundisha programu ya akili mnemba kutambua hisia. Kila sentensi ilipitiwa na watu watatu. Wenzangu wawili waliandika hasi, mimi chanya. Wengi wakashinda.

Nao hawakuzembea. Kifungu kimoja cha mwongozo kilitaka tufuate maana ya neno katika Kiswahili sanifu, kingine nia ya msemaji. Sote watatu tulitii.

Wanaotetea kura za wengi wana hoja nzito. Macho huchoka, kidole huteleza. Mwaka 2021, mtafiti Curtis Northcutt na wenzake walichunguza seti 10 za data zinazotumika sana kupima programu za namna hii, wakakadiria kuwa wastani wa lebo zenye makosa haupungui asilimia 3.3, na kwenye ImageNet, hazina kubwa ya picha zenye lebo, ni kama asilimia 6. Kura ya watatu huchuja makosa ya namna hiyo kwa gharama ndogo. Isitoshe, ukihifadhi lebo zinazopingana, programu ikijibu utaisahihisha kwa kipi?

Lakini kura humhesabu anayetofautiana kuwa amekosea. Hata kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huonyesha tu makubaliano ya watu wawili yamezidi bahati nasibu kwa kiasi gani. Kappa ikishuka, huenda kuna uzembe, huenda mwongozo unajipinga, huenda neno lina maana mbili kweli, na kila ugonjwa una dawa yake.

Mimi ningeanza na mwongozo. Iandikwe kanuni ipi inatangulia, na katika kazi ya hisia itangulie nia, maana ndiyo inayotafutwa. Kisha sentensi zilizoguswa zirudiwe. Hapo kura ibaki kwa makosa ya kidole. Zile zinazoendelea kugawa watu zitunzwe na lebo zote, pamoja na mji alikokulia kila aliyeziweka. Kazi hiyo inakula muda, na sisi tulilipwa kwa idadi ya sentensi, si kwa saa za kubishana.

Kwenye faili la mwisho chanya yangu haimo. Atakayelitumia hataona popote kwamba kuna mtu alikataa.