Mshauri wa sanaa za umma tumlipe kwa kazi ipi?

Agosti 2024, Eldoret ikijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilizosimamishwa mjini zilichekwa mitandaoni mpaka zikaondolewa. Aliyesutwa ni mchongaji. Ila kabla ya mchongaji kuna aliyetoa kazi, aliyepanga zikae wapi na aliyepaswa kukagua mfano mdogo kabla ile kubwa haijapanda jukwaani.

Marekani kazi hizo zina mwenyewe. Philadelphia ilipitisha sheria mwaka 1959 ya kutenga asilimia 1 ya gharama za ujenzi wa umma kwa ajili ya sanaa. Seattle ikafuata mwaka 1973. Fedha zilipokuwa za uhakika, mshauri na mpangaji wa sanaa za umma naye akapata ajira: huandaa mpango, huchagua maeneo, hutangaza nafasi kwa wasanii, huitisha jopo la uteuzi, husimamia mikataba na kuuliza mapema nani atafanya ukarabati utepe ukishakatwa.

Wanaomtetea wana mfano mzuri hapo hapo Seattle. Katika kituo cha umeme cha Viewlands/Hoffman, miaka ya 1970, wasanii watatu waliketi na wasanifu majengo tangu hatua ya michoro badala ya kuletewa ukuta uliokwisha kujengwa. Wakaingiza humo mapangaboi ya upepo yaliyoundwa na Emil na Veva Gehrke, mume na mke, kwa vyombo vya jikoni na vyuma chakavu. Eneo la nyaya na transfoma, ambalo kwa kawaida watu hulipita bila kugeuza shingo, likawa na kitu cha kutazama.

Upande wa pili una New York. Mwaka 1981 serikali kuu iliweka Tilted Arc ya mchongaji Richard Serra katika Federal Plaza, uwanja wa mbele ya ofisi za serikali: ukuta wa chuma chenye kutu, urefu wa mita 36 na ushei, kimo zaidi ya mita tatu na nusu, ukikata uwanja katikati. Jopo la wataalamu ndilo lililompendekeza Serra. Wafanyakazi waliovuka uwanja huo kila siku wakalalamika kwamba wanalazimika kuuzunguka. Kwenye kikao cha hadhara cha mwaka 1985, watu 122 waliutetea na 58 wakaupinga. Hata hivyo ukaamriwa uondolewe, na mwaka 1989 ukakatwa. Utaalamu haukukosekana pale. Kilichopungua ni mtu wa kuuliza wapita njia wanapita wapi.

Kwa hiyo simwamini mshauri anayejiuza kwa jicho lake la sanaa. Ladha anayo hata fundi wa Jua Kali, tena yenye msimamo. Na ujira wa mshauri hutoka kwenye fungu lile lile la msanii, jambo zito kwa kaunti au halmashauri yenye bajeti finyu. Wapo pia wanaolalamika, kwa haki, kwamba washauri walewale wakizunguka mji hadi mji, kazi nazo hufanana.

Ningemlipa kwa kushinda uwanjani na daftari kabla ya tangazo: kivuli kinaangukia wapi, mama ntilie wanakaa upande gani, bodaboda wanageuzia wapi. Akabidhi ripoti hiyo kwa wasanii wote wanaoshindana, kisha jopo likiketi kuchagua, yeye asiwe na kura.